Kopo la Udongo

Mume wangu alijenga mashua ya tanga uani kwetu Kilakala, chini ya mlima, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya mtaro wa barabarani mvua ikinyesha. Sisemi hivi kumcheka. Nilimcheka vya kutosha wakati ule anaijenga, na majirani walinisaidia. Walimwita Nuhu. Mtu akipita na ndoo kichwani anauliza, "Mzee Nuhu, gharika lini?" Naye anajibu bila kuinua uso kutoka kwenye randa, "Likija mtaliona, ila nafasi zimeshajaa."

Yeye ni seremala. Ametengeneza vitanda, milango na makabati ya nusu ya mtaa wetu. Lakini ujanani aliishi Bagamoyo kwa mjomba wake, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo alipochukuliwa kwenda kulelewa huko hakuna aliyeuliza sababu. Mjomba alikuwa na mashua ya kubebea nazi, akamfundisha kukaza tanga na kushika usukani. Alimwahidi kwamba siku moja watakwenda hadi Pangani. Kabla siku hiyo haijafika baba yake mume wangu alifariki, kijana akaitwa Morogoro kuwatazama wadogo zake, na bahari yake ikaishia hapo. Miaka yote ya ndoa yetu nimeisikia Pangani kama watu wengine wanavyosikia habari za Maka.

Alipoacha kazi za tenda kubwa alianza kununua mbao za mvule, ubao mmoja mmoja. Mashua ilikaa juu ya magogo uani miaka mingi, ikipandishwa ubao mmoja hivi leo na mwingine mwezi ujao. Ilikuwa ndogo, lakini katikati ilikuwa na kijumba cha kulala watu wawili wanaopendana, au wawili waliochoka. Nilianika nguo kwenye mlingoti wake. Nilianika hata mihogo kwenye sitaha, naye akanyamaza siku nzima kwa hasira.

Na chini ya mashua hiyo alikulia mbwa.

Mbwa nilimtoa Matombo, kwa kaka yangu, ambako mbwa si pambo: kazi yao ni kufukuza nyani na nguruwe pori kwenye migomba. Nilimteremsha mjini akiwa mdogo, ndani ya tenga la ndizi, na njia ile ya Matombo ilivyo mbovu, alitapika juu ya mkungu mzima. Jina analo. Sitaliandika, kwa sababu ni la jirani yetu mmoja mwanamke mwenye maneno mengi, na akisoma hapa tutaonana kwa mjumbe. Mume wangu hakulitumia jina hilo hata siku moja. Yeye alisema "mbwa wako." Mbwa wako kabweka. Mbwa wako kalala njiani.

Ni lazima nieleze hapa, maana ndipo mambo yote yalipo. Mimi ni Mkatoliki wa Matombo, binti wa watu wa misheni. Yeye ni Mwislamu wa mjini, baba na babu. Tulipooana watu walitabiri tutagombana kwa pombe na kitimoto. Hatukugombana kwa hivyo. Tuligombana kwa mbwa. Kwa dini yake mate ya mbwa ni najisi kubwa. Yakimgusa mtu mkono, au yakigusa sahani, panaoshwa mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa maji yaliyotiwa udongo safi. Hamchukii mnyama, na hajawahi kumpiga kwa uonevu. Alitembea tu na fimbo yake ndefu ya kupimia, akamweka mbwa mbali kwa ncha yake, na mbwa akaujua mpaka. Karibu na bomba la uani kulikuwa na kopo la udongo, kwa siku ambazo mpaka ulivukwa.

Kumfunza mbwa adabu ilikuwa kazi yangu. Mama yangu alifagia uwanja kila alfajiri kabla hajasema na mtu, nami nimelirithi hilo pamoja na ukali wake. Uwanja uliofagiliwa hautiwi uchafu na kuku, na mtoto, wala na mbwa. Alipokuwa mdogo alijisaidia mara moja chini ya mashua, nikamwonyesha ufagio wa chelewa. Sikumwonyesha tena. Tangu hapo alikwenda mwenyewe hadi pembeni kabisa mwa kiwanja, kwenye migomba, juu ya majani makavu, kisha anarudi na kukaa kama mgeni wa heshima.

Mwaka ambao jicho la kushoto la mume wangu lilianza kuona ukungu, alisema sasa tunakwenda. "Nikingoja zaidi," aliniambia, "Pangani nitasimuliwa." Nilimtazama nikaona hatanii. Nilikuwa siijui bahari na sikuitaka. Lakini mtu aliyekuvumilia ukianika mihogo kwenye ndoto yake huwezi kumwacha aende peke yake na jicho moja. Nikatoa sharti moja: mbwa anakwenda. Nilipokaa msibani Matombo wiki nzima, mbwa huyu aligoma kula hadi mbavu zikahesabika. Nikimwacha safari nzima nitamkuta mfupa.

"Mbwa ndani ya mashua," alisema. "Na mimi nasali wapi?"

"Nyuma. Yeye atakaa mbele. Mmekaa uwanja mmoja miaka yote hii."

Alifikiri jioni nzima. Kesho yake alichukua jembe na chekecheo langu la unga, akapanda mlimani juu ya nyumba za watu, mahali pasipopita mnyama, akachimba udongo wa chini, akauchekecha, akajaza kopo kubwa la maziwa ya unga na kulifunga kifuniko kwa gundi ya karatasi. Baharini, aliniambia, maji ya kuoshea yapo mengi, lakini udongo hakuna wa kukuazima. Chekecheo langu halikurudi kuwa la unga tena. Nilisema maneno mengi kuhusu hilo, na mengine sitayaandika.

Mashua ilibebwa na lori la mchanga kupitia Chalinze na Msata hadi Bagamoyo, mtaa mzima ukipiga vigelegele, na yule mwenye jina la mbwa akipiga kuliko wote. Mbwa alisafiri ndani ya mashua, kwenye lori. Alikaa wima mbele, masikio juu, kama mtu aliyehamishwa nyumba bila kutoka ndani yake. Ningekuwa na akili siku ile ningeelewa.

Tuliondoka Bagamoyo asubuhi, kusi ikivuma kwa upole kutoka nyuma yetu. Kabla ya kupanda, mbwa alizunguka kichaka cha pwani akamaliza haja zake. Nakumbuka kwa sababu nilimsifu. Nilikuwa nimepakia mkungu wa ndizi za Matombo uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba, mchele, maharage, mafuta ya taa, na ufagio wangu.

Mbele kidogo ya Bagamoyo bahari ilibadilika rangi, ikawa kama chai ya maziwa. Niliogopa, nikadhani tumefika kwenye mchanga. Mume wangu alicheka kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu harusi ya binti yetu. "Huu ni Mto Ruvu," alisema. "Unatoka kwenu. Lile linalopita pale ni shamba la wajomba zako."

Utani ule ulikuwa kweli. Ruvu unateremka kutoka milima yetu, na kila masika unachukua udongo wa watu. Nilichota kwa kikombe. Maji yalikuwa na chumvi, na chini ya kikombe ilibaki tope jekundu. Nikawaza mteremko wa mama yangu uliopungua mwaka hadi mwaka, na kumbe ulikuwa unakuja huku. Niliumia kidogo, kisha nikapika chai.

Siku ile ya kwanza ilikuwa nzuri, ni lazima niseme. Nilitapika mara chache tu. Mume wangu alishika usukani nyuma, kofia imefungwa kwa kamba kidevuni, akinieleza nini kinaitwa nini. Nilijifunza kwamba mbele ni omo na nyuma ni tezi, na nikamwambia kwangu mimi mbele ni mbele. Alinijibu kwa methali, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nikamwuliza ngamani ndiyo wapi. Akasema ni tumboni mwa chombo, mahali pa kukomba maji, na kwamba kikombea maji kiko miguuni kwangu.

Mbwa alilala mbele kwenye kivuli cha tanga. Mchana nilimwonyesha kona ya sitaha, nikamwambia hapa ni ruhusa. Alinitazama. Jioni tulitia nanga mbele ya pwani ya Saadani, lakini mbali, kwa sababu maji ya pale ni mafupi, na kutoka tulipo hadi ufukweni ilikuwa tope na mikoko. Hata bila tope, ile ni hifadhi ya wanyama. Mbwa haruhusiwi kukanyaga, na huko ndani yuko simba. Mume wangu alisema, "Mbwa wako atakojoa hapa hapa, sitaha itaoshwa." Mbwa wangu hakukojoa. Alizunguka mara tatu, akanung'unika, akakaa.

Asubuhi nilijaribu kila kitu. Nilitandika gazeti. Nilimshika kiunoni nikampigia ule mluzi wa "suu, suu" tunaowapigia watoto wachanga wakojoe. Nilimkemea. Mume wangu aligeukia baharini ili nisimwone akicheka, ila mabega yalimsema. Mbwa alitetemeka miguu ya nyuma, akalamba pua yake, akakataa maji ya kunywa. Hapo niliacha kuona kichekesho.

Simu yangu ilipata mtandao kidogo kwenye kona ya kijumba. Nilimpigia bwana mifugo wa kwetu, ambaye huwachanja mbwa wa mtaani.

"Shikamoo mama." Niliitika, na nilipomweleza akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu jana alfajiri, Bagamoyo."

"Mama, mpaka sasa kavumilia. Lakini kama ameacha kunywa na anatetemeka, hali si nzuri. Mkojo ukizuiwa sana figo zinaharibika, au kibofu kinapasuka. Ikifika hapo nitakuwa nakupa pole tu. Mshusheni nchi kavu leo, mapema iwezekanavyo."

Nilimrudia mume wangu nikamwambia alivyosema, neno kwa neno. Alitazama pwani, akatazama tanga. Kurudi Bagamoyo ilikuwa kwenda kinyume na kusi, na mafuta ya kile kiinjini chetu kidogo yasingetosha. Pangani ilikuwa bado mbali, mwendo wa mchana kutwa upepo ukipenda. Alipandisha nanga, na nilifikiri ameamua kwamba safari ni safari na mbwa ni mbwa. Nilikuwa tayari kumchukia.

Tulipopita mwisho wa hifadhi na kuona minazi ya watu, aligeuza usukani kuelekea nchi kavu. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Hata mimi, mtu wa mlimani, niliona mstari mweupe mbele yetu, mahali mawimbi yanapokatikia juu ya mwamba, na katikati ya mstari huo pengo moja jembamba.

"Unaliona lile pengo?" aliniuliza.

"Naliona."

"Liko kulia au kushoto kwa ule mnazi ulioinama?"

Ndipo nilipojua kwamba haoni vizuri, na kwamba anakwenda kuingiza mashua ya maisha yake ndani ya mwamba kwa jicho langu. "Kulia," nilisema. "Kulia zaidi. Sasa nyoosha." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Tukasikia chini yetu mkwaruzo mrefu, ubao juu ya jiwe, na mashua ikasimama kidogo kama imeulizwa swali. Nilipiga kelele nikimtaja Mama Maria. Wimbi lilituinua, mume wangu akawasha injini, akaturudisha nyuma kinyumenyume hadi kwenye maji ya kina. Aliingia kijumbani akapapasa mbao kwa viganja vyake moja moja. Haikuwa imepasuka. Alipotoka alikuwa amekuwa na rangi ya majivu.

"Pengo halitoshi mpaka maji yajae," alisema. "Jioni."

"Jioni atakuwa amekufa."

"Najua."

Tulitia nanga nje ya mwamba. Jua lilikuwa juu. Mbwa alijilaza ubavu, tumbo limekaza, na kila wimbi lilipotuyumbisha alitoa sauti nyembamba. Nilishikwa na hasira ya kutokuwa na la kufanya, na mimi nikikasirika nafagia. Nilichukua ufagio wangu wa chelewa nikaanza kufagia sitaha, ambayo haikuwa na kitu, kama nilivyoifagia asubuhi ile na asubuhi iliyotangulia. Nilifagia kwa nguvu. Nilipofika kwake, mbwa yule, aliyekuwa hawezi hata kunywa, alijiinua akajisogeza pembeni kunipisha nifagie alipolala. Kisha akarudi akajilaza pale pale palipofagiwa.

Nikasimama na ufagio mkononi.

"Mzee," nilisema, "mbwa huyu haumwi. Ana adabu."

"Unasemaje?"

"Hapa ni kwao. Amezaliwa upya chini ya mbao hizi, kalala chini yake maisha yake yote, na mimi naamka kila alfajiri namfagilia. Uwanja uliofagiliwa hautiwi uchafu. Nimemfundisha mwenyewe. Atakufa akiwa na adabu zake, na mimi namwonyesha gazeti!"

Niliutupa ufagio ule baharini. Ulielea, na mpaka leo naujutia, maana ulikuwa mzuri. Nikaenda kwenye mkungu wa ndizi, nikavuta yale majani makavu ya mgomba yote, nikayatawanya kule mbele kwenye omo, ovyo ovyo, kama yanavyoanguka kule pembeni mwa kiwanja chetu. Nikamwita mbwa. Alikuja kwa taabu. Akayanusa majani, mkia ukatikisika mara moja. Akazunguka. Akakwaruza kwa kucha, na chini ya majani kucha zikakuta ubao. Akasimama. Akanitazama tena, na sijui mbwa wanatazamaje mtu wanayemwomba radhi, lakini alinitazama hivyo.

Nilikaa chini nikalia. Sikulia kwa staha.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma muda wote huo. Nilimsikia akiingia kijumbani, nikasikia kitu kikiburutwa, kisha gundi ya karatasi ikibanduliwa. Alitoka na lile kopo la maziwa. Alipita katikati ya mashua hadi mbele, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu Bagamoyo kwa sababu palikuwa pa mbwa. Akainama, magoti yakalia.

"Huo ni wa kwako," nilimwambia. "Ukimaliza hapa utaoshea nini?"

"Kumnywesha mbwa maji kuna thawabu, hilo nimefundishwa tangu chuo cha Kurani," alisema. "Kumtoa maji sijasikia. Lakini haiwezi kuwa dhambi."

Akasogeza majani, akamwaga udongo juu ya mbao alizozilainisha kwa msasa kwa mikono yake, akausambaza kwa kiganja, mwingi, hadi kopo likawa tupu, akaligonga kitako lisibakishe. Kisha akayarudisha majani juu yake. Ulikuwa udongo wa juu ya nyumba yetu, mwekundu, na baada ya siku mbili za chumvi harufu yake ilinipiga puani hata mimi. Ilinuka mvua ya kwanza. Akaunyunyizia maji kidogo ya kunywa, harufu ikaongezeka, akarudi nyuma taratibu bila kumwangalia, kama mtu anavyompisha mwenzake chooni.

Mbwa alinusa kwa muda mrefu. Akakwaruza, na safari hii kucha zikaingia. Akachutama.

Lilikuwa bomba la mtaani lililosahauliwa wazi. Udongo ulijaa, majani yakaelea, michirizi myekundu ikateremka kwenye mbao hadi baharini, na mbwa amefumba macho. Mume wangu alisema, "Alhamdulillahi," nami nikasema, "Deo gratias," la Kilatini, la kizamani kabisa, ambalo mama alikuwa akilisema mvua ikiacha. Tukatazamana, tukaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mashua ya watu wazima wawili wakishangilia mkojo.

Baadaye mbwa alikunywa bakuli nzima. Mchana kusi ilizidi kidogo, tukapandisha nanga na kushika njia ya Pangani. Nilikuwa najiandaa kupika. Mbwa aliinuka kutoka mbele, akapita kwangu bila kunisalimu, akaenda moja kwa moja nyuma, ng'ambo ya mpaka ambao hakuwa ameuvuka tangu udogo wake. Fimbo ya kupimia ilikuwa pale pale karibu na mguu wa mume wangu. Mbwa akasimama mbele yake, akaulamba mkono uliokuwa umeegemea gotini. Aliulamba vizuri, nyuma na mbele, kati ya vidole. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ule ulikuwa mtupu kabisa.

Niliacha sufuria. Nilijua uzito wa jambo lile kwake. Nilimwona akiutazama mkono wake, akalitazama kopo tupu, akamtazama mbwa. Hakuichukua fimbo.

"Udongo umekwisha," alimwambia mbwa. "Umeumaliza wewe mwenyewe."

Aliuweka mkono ule pembeni, juu ya goti, mbali na nguo zake za sala, akashika usukani kwa mkono mwingine. Aliendesha hivyo alasiri yote. Mbwa alilala miguuni kwake, kidevu juu ya kamba. Mimi nilikuwa jicho: nilisema kulia, nilisema kushoto, nilisema kuna mtumbwi. Nilipoona mdomo wa mto na nyumba za Pangani zikitokea nyuma ya minazi, nilimwambia, "Mzee, Pangani hiyo." Alikaza jicho lake zima na lile la ukungu. Alisema neno moja tu, "Mjomba," na nikamwacha.

Tuliingia maji yakiwa yamejaa. Alipokanyaga nchi kavu sikushangaa kwamba kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kutafuta udongo. Dini yake haikubaki baharini. Kulikuwa na mama mmoja akipalilia migomba yake nyuma ya ufukwe. Mume wangu alimsalimu, akamwomba udongo wa chini, safi. Mama alimpa na jembe. Alichimba, akachota maji, akauosha mkono wake mara saba, bila haraka na bila kinyongo, kama anavyolainisha ubao ambao ameshaupenda. Mbwa alikuwa tayari ameshaikuta kona yake kwenye migomba ya yule mama, akarudi kukaa karibu yangu.

Kisha mume wangu alilijaza lile kopo la maziwa, akafunga kifuniko. Nilidhani amemaliza. Alimwuliza yule mama kama ana chombo kingine cha zamani, chochote. Mama alimletea ndoo ya plastiki iliyokatika mkono. Akaijaza nayo pia, hadi juu, akaishindilia kwa kiganja, akakusanya majani makavu ya mgomba akayaweka juu yake.

"Hilo kopo ni langu," aliniambia, akiniwekea vyote viwili miguuni. "Na ndoo hii ni ya..." Akamtaja mbwa kwa jina lake, lote, kama linavyotamkwa Kilakala. Mbwa akainua masikio.

Miaka yote nimekuwa na la kumtania mtu huyu. Pale ufukweni niliinama. Nikabeba ndoo.